Kabureta nne za pikipiki kwenye Corolla DX: kisa cha pampu

Ukisema unataka kufunga kabureta za pikipiki (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) kwenye injini ya gari, kila mtu atakuzungumzia jeti, yaani vitundu vinavyopima petroli, manifoldi, yaani mabomba ya kuunganisha kabureta na injini, na sauti. Sauti hasa, kwa sababu kabureta nne zikivuta hewa kwa pamoja gari hubadilika roho. Pampu ya petroli hutajwa mwisho, mtu akishainuka kwenda zake: "Weka yoyote ya umeme, muhimu isukume." Naandika haya kwa sababu ya hiyo "yoyote". Pampu isiyofaa kwenye kabureta za aina hii inaweza kuteketeza gari na wewe umo ndani, na nililoliona kwenye karakana hapa Malindi sitaki mwingine alione akiwa barabarani.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya umbo la KE70, ile ambayo Kenya tunaiita DX, yenye injini ya 4K ya cc 1290. Lilikuwa la marehemu baba. Kabureta yake ya asili ilikuwa imelika pale unapopita mhimili wa kipepeo, kile kibamba cha kufungulia hewa, hewa inaingia pembeni, na hakuna skrubu uliyoweza kuigusa injini ikatulia. Mpya zilizokuja dukani zilikuwa za kuigiza, na niliyoifunga ilianza kuvuja gaskiti kabla hata sijazoea harufu yake. Ndipo nikasikia kuna Suzuki GSX-R600 iliyogongwa imelala kwenye yadi moja, mali ya Muitaliano aliyekwisha kurejea kwao. Ilikuwa ya miaka ile kabla ya 2001, mwaka ambao pikipiki hiyo ilianza kutoka na mfumo wa kupuliza petroli, kwa hiyo bado ilikuwa na kabureta zake nne za Mikuni, milimita 36, zimeshikana kwenye fremu yao. Nikazinunua kwa bei ya chuma chakavu, maana aliyekuwa akiziuza hakuona zitamfaa nani katika mji wa Boxer na TVS.

Manifoldi sitaieleza sana. Fundi wa kuchomelea alikata bamba, akachomelea mabomba manne mafupi, na raba za kushikia kabureta tulizitoa kwenye pikipiki ileile. Kazi ilikuwa nzuri. Jambo moja tu ulikumbuke kwa ajili ya mbele: kwenye injini ya 4K, petroli inaingia na moshi unatoka upande mmoja wa injini. Kabureta zinakaa juu, manifoldi ya ekzosi iko chini yake. Tone lolote litakalodondoka kutoka juu litaangukia chuma kinachoweza kuwa chekundu.

Makanika wangu ni mzee aliyeanza kazi enzi za Datsun na Peugeot 404, na sijui mtu mwenye subira kumshinda. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza hakutaka pampu kabisa. Alichukua kidumu cha lita tano, akatoboa kifuniko, akakitundika kwa kamba kwenye boriti ya paa la karakana, juu kidogo ya kabureta, na kushusha mpira mmoja. Injini iliwaka, ikakohoa kidogo, ikatulia. Hakuna tone lililovuja.

"Umeona, mwanangu?" akaniambia. "Hizi zimezoea tangi lililo juu yao. Hazijazoea kusukumwa."

Maneno hayo ndiyo kiini cha habari yote, ila wakati ule niliyachukulia kama ya kupita tu. Sasa nimekwisha piga hesabu yake. Presha ya psi 1 (pauni moja kwa inchi ya mraba) inatosha kuinua petroli kiasi cha mita moja kasoro kidogo. Kwenye pikipiki za tangi la juu, petroli inashuka kutoka sentimita thelathini, arubaini hivi. Hiyo haifiki hata nusu psi. Zipo pikipiki kubwa ambazo tangi lake limeshuka chini ikabidi zipewe pampu ya umeme, na hizo nazo pampu zake husukuma psi 2 au 3 tu. Sasa chukua pampu ya gari la EFI, lile la mfumo wa kupuliza petroli: psi 40 na zaidi. Presha hiyo ingeirusha petroli juu kupita mnazi wowote ulio Malindi.

Ndani ya kila bakuli la kabureta mna boya na sindano, mpango uleule wa tangi la maji lililo juu ya nyumba: maji yakipanda, boya linainuka na kufunga mlango. Nguvu ya kufunga inatoka kwenye boya peke yake, na boya la pikipiki ni dogo sana. Presha ya nyuma ikizidi, sindano inaachia na petroli inaendelea kuingia wakati bakuli limejaa. Hapo ina njia mbili: ama itoke kwenye kimrija cha kumwagia, idondoke chini, ama ipande kwenye shingo ya kabureta na kuingia kwenye silinda. Ile ya kwanza ni moto. Ya pili ni polepole lakini si salama zaidi: petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na ikijaa juu ya pistoni kisha ukapiga stata, kioevu hakibanwi, kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Baada ya kidumu, tulirudisha pampu ya asili ya 4K, ile ya mkono unaosukumwa na kamshafti, mhimili wa ndani ya injini unaofungua valvu. Ilikuwepo, haikuhitaji hela. Injini iliwaka vizuri, lakini ikinguruma bila kukanyagwa kabureta mbili kati ya nne zikaanza kutoa jasho kwenye vimrija, kisha matone. Mzee akazima mara moja. Alihisi sindano zimechakaa. Alikuwa sahihi kwa sehemu, maana ncha zake za mpira zilikuwa na alama ya pete iliyozama, na mtu yeyote anayenunua kabureta zilizolala lazima azifungue aziangalie kabla ya kulaumu pampu. Tukabadilisha sindano na kupima urefu wa maboya. Uvujaji ukapungua, haukwisha.

Hapo ndipo ushauri wa mjini ukaingia. Muuza vipuri mmoja alisisitiza kwamba dawa ni pampu ya EFI ya kufunga nje ya tangi pamoja na regyuleta ya kupunguza presha. Hoja yake ilisikika vizuri: pampu yenye nguvu haitaishiwa pumzi, na regyuleta itapunguza ziada. Nikalipa vyote viwili, kama shilingi elfu saba na nusu. Regyuleta ilikuwa ya matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, bila njia ya kurudisha petroli kwenye tangi.

Tulifunga asubuhi, injini ikiwa baridi, na huo ndio uliokuwa usalama wetu. Nilipozungusha ufunguo kwenye hatua ya kwanza, pampu ikapiga mluzi, na kabla sijaondoa mkono petroli ilikuwa inatoka kwenye vimrija vyote vinne na mdomoni mwa kabureta mbili za katikati. Ilitiririka juu ya ekzosi, ikashuka hadi sakafuni. Mzee alipaza sauti mara moja tu: "Zima! Usiguse betri!" Nikarudisha ufunguo. Tukalisukuma gari nje kwa mikono, mlango wa karakana ukaachwa wazi, na hakuna aliyewasha hata redio mpaka harufu ilipokwisha kabisa.

Ile "usiguse betri" niliielewa baadaye. Mtu akishtuka hukimbilia kuchomoa tamino ya betri, na tamino ikichomolewa umeme ukiwa unapita hutoa cheche. Cheche juu ya mvuke wa petroli ndiyo hasa unayoikimbia. Kata umeme kwenye ufunguo, ondoka, subiri.

Tulitoa plagi zote, tukachomoa waya wa koili, tukapiga stata. Silinda mbili zilirusha petroli kama bomba la kunyunyizia. Oili nayo ilikuwa imepanda juu ya alama na kunuka petroli, tukaimwaga yote. Regyuleta ya namna ile imetengenezwa kupunguza kutoka psi 6 au 7 kushuka 2. Ukiipa 40 kiwambo chake, ule utando wa ndani, hakiwezi kufunga. Pampu ya EFI inaweza kutumika kwa mpango mwingine, ule wa kujaza tangi dogo la katikati kisha pampu ndogo ikavuta kutoka hapo, lakini huo ni mzigo wa wanaoshindana kwenye mbio. Kwa gari la kwenda Mambrui na kurudi, sioni sababu.

Kitu nilichonunua baada ya siku ile ndicho ningekushauri ununue kabla ya pampu yoyote: geji ya presha ndogo, inayoanzia sifuri na kuishia psi 15. Niliipata Mombasa kwa bei isiyofika elfu mbili. Geji ya kupimia EFI inayofika psi 100 haikufai, kwa sababu psi 2 na psi 5 juu yake ni unywele mmoja. Kwa geji hiyo tulipima kwanza pampu ya asili, mshale ukawa unarukaruka na kugusa 4 na zaidi. Kwa hiyo sindano mpya hazikuwa na kosa. Zilikuwa zinasukumwa kupita uwezo wake.

Ami yangu, ambaye ni mvuvi, aliposikia kisa hiki alinijia na pampu ya mashine ya boti. "Hii inavuta petroli kutoka tangi la sakafuni hadi kwenye kabureta, miaka yote, bila waya hata mmoja," akasema. "Kwa nini unajisumbua na umeme?" Nilimheshimu kwa kulileta, na wazo lake halikuwa la kipuuzi. Pampu ile ni kiwambo kinachotikiswa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya kreki, kile chumba kilicho chini ya pistoni, na presha yake ni ndogo kama kabureta zinavyopenda. Lakini mashine yake ni ya stroku mbili, na katika stroku mbili kila silinda ina chumba chake cha kreki, hivyo pistoni ikishuka na kupanda hewa inapiga kweli. Kwenye injini ya gari ya silinda nne, pistoni mbili zikishuka mbili zinapanda ndani ya kreki moja, na mapigo yanauana. Ungelazimika kuchukua mapigo kwenye mrija mmoja wa manifoldi, nayo hudhoofika pale unapokanyaga hadi mwisho, wakati hasa injini inapotaka petroli nyingi. Nikamwambia hivyo, akafikiri, akacheka, akasema basi na iwe akiba ya boti.

Zikabaki njia mbili za maana.

Ya kwanza ni pampu ya umeme ya pikipiki kubwa yenye kabureta. Presha yake ndiyo hasa inayotakiwa, na bakuli zikijaa inajikata yenyewe. Ugumu ni kwamba huku kwetu zinazopatikana zimetoka kwenye pikipiki zilizokufa, ndani zina platini (ncha za kuunganisha na kukata umeme) ambazo huungua, na hewa ya chumvi ya pwani huzimaliza. Niliyoonyeshwa ilipiga tik-tik ukiigonga kwa bisibisi, ikinyamaza ukiiacha. Kwa bei aliyotaka mwenyewe, niliondoka.

Ya pili ni pampu ndogo ya umeme yenye umbo la mchemraba, zile zinazolia tak-tak-tak, ambazo kampuni ya Facet ndiyo iliyozifanya zijulikane na ambazo sasa zinatengenezwa na viwanda vingi. Zinakuja kwa presha tofauti na kwa macho zinafanana kabisa. Zipo za psi 1.5 hadi 4, zipo za 4 hadi 7, na tofauti iko kwenye namba ya ubavuni. Niliyoletewa kwanza iliandikwa 2.5 hadi 4. Nikaipeleka kwa geji kabla haijagusa gari: betri pembeni, petroli kwenye ndoo, geji kwenye mdomo wa kutokea. Mshale ukasimama karibu na 6. Muuzaji alikubali kuirudisha kwa sababu haikuwa imefungwa wala kupata mkwaruzo. Ya pili ilisimama juu kidogo ya 3, nikaichukua. Ilinigharimu kama elfu tatu na mia tano.

Swali la pili baada ya presha ni wingi, na hapa watu huogopa bure. Hesabu wanayoitumia mafundi ni kwamba injini ya petroli ikikanyagwa hadi mwisho hula takriban lita 0.3 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Tuseme 4K yangu na kabureta mpya ifike nguvu farasi 70. Hiyo ni lita 21 kwa saa, yaani kama theluthi moja ya lita kwa dakika. Weka mdomo wa pampu kwenye chupa, hesabu dakika. Yangu ilitoa zaidi ya lita moja. Hata nikikata nusu kwa sababu ya filta, kona za bomba na presha ya nyuma, bado ipo ya kutosha. Wanaosema kabureta nne zinahitaji pampu kubwa kwa kuwa ni nne wanasahau kwamba injini ni ileile moja.

Psi 3 bado ni nyingi kidogo kwangu. Nikaweka regyuleta nyingine ya kurekebishwa, safari hii nyuma yake kuna pampu inayolingana nayo. Kisha jambo ambalo mzee alilisisitiza na ambalo leo ningeliweka hata kama sina regyuleta: njia ya kurudi. Kabla petroli haijaingia kwenye kabureta kuna mgawanyo wa herufi T, na mguu wake mmoja unarudi kwenye tangi kupitia kitundu kidogo. Sisi tulitoboa skrubu ya shaba kwa keekee ya milimita 1.5, tukaikaza ndani ya mpira. KE70 yangu ilikuwa tayari na bomba la kurudishia, halikuhitaji kutobolewa tangi. Kitundu kikiwa kikubwa presha inakufa; kikiwa kidogo mno hakifanyi kazi. Tulirekebisha regyuleta injini ikinguruma mpaka geji ikasimama 2, tukakanyaga, ikashuka hadi karibu 1.5 na kukaa hapo. Vimrija vikavu, vyote vinne.

Faida kubwa ya njia ya kurudi niliiona barabarani, kwenye joto. Malindi si mahali pa kudharau joto chini ya boneti. Petroli iliyosimama kwenye bomba juu ya ekzosi inachemka, inakuwa mvuke, na mvuke hausukumi boya wala haulishi jeti. Kabla ya njia ya kurudi, nikienda hadi Gede, nikisimama kunywa chai, gari lilikuwa linagoma kuwaka mpaka lipoe. Sasa petroli inazunguka muda wote, ile ya moto inarudi kwenye tangi, ya baridi inakuja. Jambo la pili linalosaidia kwenye joto ni mahali pa pampu. Pampu hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta, na petroli inayovutwa inachemka mapema kuliko inayosukumwa. Kwa hiyo yangu iko nyuma, chini ya sakafu ya buti, karibu na tangi na si juu yake, mdomo wa kutokea ukitazama juu, juu ya raba mbili ili isitikise bodi. Usiifunge ndani ya buti hata kama ni rahisi zaidi. Ikivuja humo, harufu utaipata ukiwa umefunga vioo, pamoja na watoto kiti cha nyuma.

Kabla ya pampu kuna filta ya wavu wa kuzuia taka kubwa, baada yake ya karatasi. Tangi la gari la umri huu lina kutu, na pampu ya mchemraba ikimeza chembe moja inaweza kubaki wazi. Mipira iwe ya petroli kweli, ile nyeusi yenye nyuzi ndani. Ule mweupe unaoonyesha ndani unapendeza, lakini kwa joto letu unakuwa mgumu kama ukwaju mkavu na kupasuka pale klipu inapobana.

Nyaya sasa, na naomba hapa usipite haraka. Pampu ya kamshafti ina fadhila moja kubwa: injini ikizima, nayo inazima. Ya umeme haijui. Ukigonga gari, ukapoteza fahamu, ufunguo ukiwa umewashwa, itaendelea kumwaga petroli kwenye bomba lililokatika. Waya wa moja kwa moja kutoka kwenye ufunguo, kama wanavyofunga wengi, siukubali. Yangu inapita kwenye rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme), na rilei inaamshwa na swichi ya presha ya oili ya aina inayounganisha umeme presha ikipanda. Angalia usiichanganye na swichi ya taa ya oili, ambayo hufanya kinyume chake. Tulifunga T pale kwenye bloku ili zote mbili zipate mahali. Injini ikifa, presha ya oili inashuka, pampu inanyamaza. Kuwasha hakuna shida, kwa sababu bakuli huwa zina petroli ya kutosha kuiamsha injini. Gari likilala muda mrefu na bakuli zikakauka, kuna kitufe cha kubonyeza chini ya dashibodi, kama cha honi, cha kujazia kwanza. Ukitaka pampu iamshwe na waya wa stata badala ya kitufe, weka daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) katikati, la sivyo umeme wa swichi ya oili utarudi nyuma na kuiamsha stata injini ikiwa inazunguka.

Kwenye mstari huohuo kuna swichi inayojikata gari likipata kishindo. Hizi zimo kwenye Land Rover na Ford nyingi za miaka ya 1990, na kwa kuwa Malindi ina Land Rover nyingi zilizochoka kubeba watalii, niliipata kwenye yadi kwa mia tano. Fiuzi ni ya ampea 5, pampu yenyewe haili hata mbili. Kila tamino imeunganishwa kwa risasi ya kuchomelea na kupakwa grisi. Waya wa ethi wa kwanza tulioufunga kwa skrubu tu ulikuwa umegeuka kijani ndani ya msimu mmoja wa kusi, na pampu ikawa inakatika ukipita kwenye mashimo.

Dalili ile ya kukatika ilinichanganya, na ndiyo iliyonilia muda mwingi kuliko zote. Nikivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, gia ya tatu, mguu chini, gari lilikuwa linavuta vizuri, kisha linalegea ghafla, kisha linarudi. Mtu yeyote atakwambia jeti ni ndogo. Tulibadilisha jeti kuu, tukapandisha sindano za slaidi (zile za kupimia petroli, si za maboya), plagi zikawa nyeusi gari likinguruma lakini ugonjwa uleule barabarani. Mwishowe mzee akafunga geji kwa mpira mrefu wa petroli, akaibana kwa klipu kwenye kioo cha mbele upande wa nje, akaketi pembeni yangu. Gari lilipolegea, mshale ulikuwa umelala sifuri. Jeti hazikuwa na kosa lolote; pampu ndiyo iliyokuwa inakatika. Ikiwa injini inakufa baada ya kukanyaga kwa sekunde kadhaa na si papo hapo, bakuli zinaisha; pima presha gari likitembea kabla hujanunua jeti hata moja. Kisha ndiyo usawazishe kabureta kwa geji za mvuto (za kupima jinsi kila silinda inavyovuta hewa) na kupanga jeti. Ukianza na jeti wakati petroli haijatulia, utakuwa unapima kwa rula inayonyooka na kujikunja.

Jumla, ukiacha kabureta na manifoldi, mambo ya petroli peke yake yalinilia kama shilingi elfu ishirini, na karibu nusu yake ni vitu ambavyo haviko kwenye gari leo: ile pampu ya EFI na regyuleta yake, oili iliyomwagwa, jeti zisizohitajika. Mpango uliopo sasa, pampu, regyuleta, geji, mipira, filta, rilei na swichi, ungepatikana kwa elfu kumi na moja au kumi na mbili ukinunua mara moja.

Kinachobaki ni ukaguzi. Viungo vidogo vya T vinavyopitisha petroli kati ya kabureta na kabureta vina pete za mpira, na pete za zamani zikikauka kisha zikalowa tena huanza kuvuja bila kukuaga. Badilisha zote kabla ya kufunga, si moja inayovuja. Mimi kila nikifungua boneti kupima oili hupitisha kidole chini ya viungo vile vitatu, kisha huunusa ule mti wa kupimia oili. Ukinuka petroli, siwashi. Mtungi wa unga wa kuzimia moto, wa kilo mbili, umefungwa kwa ukanda chini ya kiti cha abiria wa mbele, mahali ambapo mkono wangu unaufikia nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama nje mlangoni.